Mbwa mdogo wa kukimbia naye alfajiri hapa Kampala, nichukue aina gani?

asubuhi_kyaliwajjala

Habari zenu jamani, naombeni ushauri kwa wanaofuga mbwa na hasa wale wanaokimbia nao. Mimi ni dada wa Kyaliwajjala, nakimbia karibu kila asubuhi, natoka getini saa kumi na moja na nusu nashuka mpaka upande wa Namboole nazunguka huko alafu narudi na ile barabara ya maramu ya nyuma, jumla kilomita 6 hadi 8 kutegemea na siku. Sikimbii mbio za kushindana, ni mwendo wa kati tu, tuseme dakika 7 kwa kilomita. Shoga yangu tuliyekua tunakimbia wote amehamia Mbarara kikazi, sasa niko peke yangu na saa hizo bado kuna giza, ndo nikaanza kuwaza mbwa.

Ninapokaa ni nyumba ya kupanga, tuko wapangaji wanne ndani ya geti moja na kiwanja ni kidogo. Mwenye nyumba amekubali mbwa lakini kasema asiwe mkubwa na asibweke usiku kucha. Kwa hio German Shepherd na Rottweiler wametoka kwenye hesabu. Nataka wa kilo 12 kushuka chini lakini awe na miguu kweli, sio wa kubebwa kwenye mkoba. Kuna mtu anauza vitoto vya mbwa kanitumia picha za Shih Tzu, Maltese, Japanese Spitz na Jack Russell mmoja, anasema wote wanakimbia vizuri sana. Mimi hapo sijaridhika, yani mbwa mwenye pua imebonyea vile ataweza kilomita 7 kweli?

Alafu nielezeni na umri wa kuanza kukimbia, chakula, kupe, na wale mbwa wanaozurura barabarani asubuhi nitafanyaje nikiwa na kambwa kadogo. Sina haraka. Mbwa anaishi miaka kumi na zaidi, nataka nichague nikijua ninachokichagua. Asanteni.

baba_wa_terrier

Dada usihangaike, chukua Jack Russell. Nakuambia kama mtu anaeishi nae, wangu ana kilo 6 na nusu na mimi ni mrefu lakini tukirudi nyumbani mimi ndo nakaa chini yeye bado anatafuta mpira. Hii mbwa ilizalishwa kwa ajili ya mbio toka mwanzo, kule Uingereza kulikua na mchungaji wa kanisa anaitwa John Russell, mpenzi wa kuwinda mbweha, mwaka 1819 akiwa bado anasoma Oxford akanunua jike mmoja mweupe na hapo ndo ukoo ulipoanzia. Alikua anataka mbwa wa kufuatana na farasi mashambani mpaka mbweha aingie shimoni, alafu huyo huyo mbwa awe mwembamba wa kifua aweze kuingia shimoni kumfuata. Mpaka leo wanaowajua wanampima kwa kumzungushia viganja viwili kifuani, vikikutana basi huyo ndie. Sasa mbwa wa kufuatana na farasi, kilomita zako 7 za mwendo wa kati kwake ni kawaida kabisa.

Manyoya mafupi, kumuosha dakika kumi, chakula kidogo, nafasi kidogo. Mimi niko Bugolobi kwenye flati na tunaishi vizuri.

Ila nikuambie na upande wa pili manake umesema mwenye nyumba hataki kelele. Huyu anabweka. Anabweka askari akigonga geti, anabweka paka akipita ukutani, na siku ambayo hujamtoa anachimba. Siku za mvua ambazo hatutoki namfungia mukene (dagaa) wakavu ndani ya kitambaa nakifunga mafundo mengi anahangaika nacho mpaka achoke, akili yake lazima ipewe kazi kama miguu. Na kuku wa jirani usithubutu kumuachia kamba karibu nao hata akiwa na miaka mitano ya mafunzo, damu ya uwindaji haifutiki. Mimi siwezi kufuga aina ingine lakini nakuambia ujue.

dokta_mifugo_mbale

Dada wa Kyaliwajjala umeuliza swali la maana sana kuhusu pua kwa hio nianzie hapo, na nitakua mrefu, mnisamehe.

Mbwa hatoi jasho kama sisi. Kidogo tu kwenye nyayo. Akikimbia, joto la mwili analitoa zaidi kwa kuhema, hewa inapita juu ya unyevu wa pua, mdomo na ulimi inaondoka na joto. Ndo maana urefu wa pua sio suala la sura, ni suala la uhai. Shih Tzu, Pug, Pekingese, French Bulldog, hawa fuvu limefupishwa na wazalishaji lakini nyama za ndani hazikufupishwa sawasawa, kaakaa laini la nyuma linazidi nafasi, matundu ya pua ni membamba, njia ya hewa imebanwa. Anavyokoroma akilala watu wanafurahi wanasema anapendeza, kumbe anatafuta hewa. Huyo ukimkimbiza kilomita 7 na anakupenda atajitahidi akufuate mpaka aanguke. Joto la kawaida la mbwa ni kama 38 hadi 39.2, likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika na wengine hawaponi hata wakifikishwa kliniki. Kwa hio Shih Tzu ni mbwa mzuri wa nyumbani, atembee jioni kwenye kivuli, lakini anaekuambia anakimbia vizuri sana anataka kuuza.

Maltese pua yake si mbaya lakini ni mdogo mno, kilo 3 au 4, kilomita moja mbili sawa ila 7 kila siku hapana, na yale manyoya marefu kwenye maramu yetu utakua unachana kila jioni. Japanese Spitz ana miguu na moyo wa kutosha, tatizo ni koti, ana manyoya ya tabaka mbili mazito. Saa kumi na moja na nusu Kampala huwa nyuzi 17 au 18 hivi kwa hio alfajiri ataweza, lakini ukichelewa ukatoka saa mbili na jua limeshika, hapo unamtesa. Na watu wasiwanyoe upara wakidhani wanawasaidia, lile koti linawakinga na jua pia na mara nyingine halirudi vizuri.

Kitu watu wanasahau ni unyevu. Kuhema kunafanya kazi kwa sababu maji yanakauka kwenye ulimi, sasa asubuhi baada ya mvua hewa imelowa, maji hayakauki haraka, mbwa anapata joto hata kama wewe unaona kuna baridi nzuri. Muangalie ulimi. Ukiona umetanuka mwishoni umekua mpana kama mwiko, masikio yamelala nyuma, anaanza kubaki nyuma yako au anakimbilia kivuli, simama. Sio upunguze mwendo, simama. Akianza kuyumba au kutapika mwagia maji ya kawaida mwili mzima, tumboni na kwenye mapaja kwa ndani, mpepee, umpooze kwanza hapo hapo ndo umpeleke kwa daktari, na usimlazimishe kunywa.

Na Dachshund usikubali hata akija bure. Mgongo mrefu miguu mifupi, diski za uti wa mgongo kwa hao zinaharibika mapema na wapo wanaopooza miguu ya nyuma kabisa.

Jack Russell namkubali kwa mbio, baba_wa_terrier kasema kweli. Kwa geti lenye wapangaji wanne, sijui. Hapo mimi na yeye tunatofautiana.

entebbe_beagle

Mimi nina Beagle, kilo 11, tunakimbia kando ya ziwa na wakati mwingine karibu na bustani ya mimea. Nguvu anazo na roho yake nzuri sana na watoto, hagombani na mtu. Shida ni pua, kila mita mia kuna harufu ya kusoma, na akishika njia ya harufu masikio yanafunga. Nikitaka kukimbia kwa kupima muda naenda peke yangu, nikitaka kutoka na rafiki naenda nae. Kuhusu kelele, habweki sana lakini analia kwa sauti ndefu akiachwa peke yake na jirani wote wanasikia. Na anakula kila kitu, wananenepa haraka mno hawa kwa hio chakula upime.

mzee_wa_koboko

Binti yangu salaam. Nimesoma majibu yote na naona mnazungumzia mbwa wa Uingereza tu wakati tumekaa jirani na mbwa mdogo bora wa kukimbia, nashangaa hakuna aliemtaja.

Nilipokua kazini nilikaa Bundibugyo muda mrefu, pale mpakani na Kongo. Ng'ambo kwenye ule msitu wa Ituri watu wanawinda na mbwa wadogo, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo, paji la uso lina mikunjo utadhani anafikiria jambo. Hawa Wazungu wanawaita Basenji. Kilo 10 au 11 tu, urefu wa kama sentimita 40 begani, manyoya mafupi kabisa, pua ndefu ya kutosha. Hawabweki. Wana sauti lakini sio ile ya hau hau, ni kama kuimba kwa koo, ndo maana wawindaji wanawafunga kengele shingoni wajue wako wapi vichakani. Nimewaona wakifuatana na watu kutwa nzima kwenye joto la msitu na jioni bado wanatembea wima. Na wanajiramba kujisafisha kama paka, harufu hawana.

Wazungu waliwapeleka Uingereza kuwaonyesha mwaka 1895, wakafa kwa distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, hawakua na kinga nayo. Ikabidi wasubiri mpaka miaka ya 1930 ndo wakafanikiwa kuwazalisha huko. Nakutajia hilo ili ujue kwamba hata mbwa mgumu namna gani bila chanjo ni kazi bure.

Sasa Basenji wa makaratasi hapa Uganda kumpata ni kazi na bei yake utashtuka. Lakini mwanangu angalia mbwa wetu wa kienyeji kwa macho mapya. Yule mwembamba wa rangi ya udongo, miguu mirefu, manyoya mafupi, pua ndefu, tumbo limeingia ndani, anaelala chini ya mti na kutwa anazunguka. Jua hili amezaliwa nalo yeye na babu yake na babu wa babu yake. Walio dhaifu walishakufa zamani, hawa tulionao ndo waliobaki. Watu wanawaita shenzi wanawapiga mawe, alafu wanaenda kununua mbwa wa pua iliyovunjika kwa pesa ya ng'ombe. Inaniuma hiyo.

Wa kienyeji wengi ni kilo 12 hadi 18 lakini majike madogo ya kilo 10, 11 yapo mengi tu.

baba_wa_terrier

Mzee nakuheshimu na la kuwapiga mawe nakubaliana na wewe moja kwa moja, ni aibu. Lakini kitoto cha kienyeji huwezi kujua kitakua na ukubwa gani wala tabia gani, unachukua kambwa ka kilo 3 kesho kutwa ni kilo 20 na mwenye nyumba anakufukuza. Ukinunua wa aina inayojulikana walau unajua unachoenda kupata. Dada alisema anataka achague akijua.

asubuhi_kyaliwajjala

Asanteni sana wote, mzee shikamoo, umenigusa. Kusema kweli wa kienyeji sikuwahi kumfikiria, kwetu kijijini mbwa alikua wa kufungwa mchana na kufunguliwa usiku, hakuna aliemtazama kama wa kutembea nae. Lakini hoja ya baba_wa_terrier ndo inayonisumbua. Nitajuaje ukubwa na kelele kabla? Nikikosea hapa ni mimi na mbwa wote tunatafuta pa kukaa.

Dokta na ile ya umri hujanijibu.

dokta_mifugo_mbale

Majibu ya maswali yako mawili ni jibu moja dada. Chukua mbwa aliyeshakua.

Kila mtu anataka kitoto kwa sababu ni kizuri kukitazama, lakini kwa shida yako wewe kitoto ndo chaguo gumu kuliko yote. Mifupa ya kitoto ina sehemu laini mwishoni ambapo inakua, kwa mbwa wadogo zinafunga kati ya miezi 8 na 12 hivi, kabla ya hapo ukimkimbiza umbali mrefu kila siku unaweza kumharibia viungo vya maisha. Kwa hio hata ungenunua Jack Russell leo wa miezi miwili, utakimbia peke yako gizani karibu mwaka mzima huku ukiwa unafuta mikojo na kuamka usiku. Na ukubwa unabahatisha na sauti unabahatisha.

Mbwa wa mwaka mmoja na nusu au miwili, umpime leo kilo 11, kesho atakua kilo 11. Mifupa imefunga. Kama anabweka usiku wanaomtunza wanajua, waulize. Kama anaogopa boda utaona ndani ya dakika kumi. Hii hoja ya aina na ukoo inakusaidia kukisia tu, lakini mbwa mwenyewe akiwa mzima mbele yako hukisii tena. USPCA, shirika la kutetea wanyama pale Kampala, wana makazi ya mbwa waliookotwa, wengi ni wa kienyeji na machotara, wanawachanja na kuwahasi kabla ya kuwatoa. Na kule Gulu kuna mradi wa Comfort Dog, wanachukua mbwa wa mitaani hawa hawa wanawafundisha kukaa na watu walioumizwa na vita, wanatulia nao, wanawasindikiza kila mahali. Sasa kama mbwa wa kienyeji anaweza kazi nzito namna hiyo, kukimbia na wewe Namboole atashindwa nini.

Ukienda kumtazama usiangalie rangi. Msimamishe mtazame kwa upande, miguu ya mbele iwe imenyooka, mgongo usiwe mrefu kupita kiasi, pua iwe na urefu unaoonekana, mbavu uzisikie kwa vidole bila kubonyeza sana. Muombe mtunzaji utembee nae nje robo saa kwa kamba, ukimbie nae kidogo mita mia mbili tatu, alafu simama usikilize anavyohema. Kuhema kwa kasi ni kawaida, sauti ya kukoroma au kupiga mluzi sio kawaida. Angalia ndani ya dakika kadhaa kama pumzi inashuka. Fungua mdomo, fizi ziwe za pinki, zikiwa nyeupe kuna minyoo au ugonjwa wa kupe, atibiwe kwanza. Macho yasiwe na ukungu wa bluu, nao unaweza kua dalili ya ugonjwa wa ndorobo.

nuru_jinja

Assalaam alaykum dada. Mimi sifugi ndani, tuna mbwa wa kulinda nje, lakini nakimbia asubuhi huku Jinja kwa hio nikuongezee ya barabarani.

Saa hizo unazotoka ndo watu wanatoka msikitini au wanaenda, na wengi wetu hatupendi mbwa atuguse na mate yake wakati tuna udhu, itabidi mtu arudi akajisafishe. Sio chuki na mnyama. Kwa hio karibu na misikiti fupisha kamba, mvute upande wako mpaka watu wapite, salimia. Ukifanya hivyo mtaa mzima utakuzoea na watu hao hao ndo watakaokuangalia siku ukipata shida njiani, na wewe umesema shida yako ni kua peke yako gizani.

Magari yetu yanapita kushoto, wewe kimbia kulia ukitazamana nayo, na mbwa awe mkono wako wa kulia kule kwenye majani, asiwe kati yako na boda. Wengi wanamshika upande wa barabara na boda haina huruma, taa yenyewe wakati mwingine hana. Mfunge kitu kinachong'aa, wa rangi ya udongo gizani haonekani kabisa. Usimfunge kamba shingoni kwa kukimbia, mbwa mdogo koo lake ni laini, tumia ule mkanda wa kifuani unaopita chini ya makwapa, hata fundi viatu anaweza kukushonea kwa mkanda laini ukampa vipimo.

Mbwa wanaozurura, wakija usikimbie. Simama, mbwa wako muweke nyuma ya miguu, usimnyanyue juu kichwani manake wataruka kumfata na utaanguka wewe. Inama kama unaokota jiwe. Mbwa wote wa nchi hii wanaijua hiyo, huhitaji hata kurusha. Alafu tembea taratibu bila kuwapa mgongo. Na iwapo umeng'atwa, hata mchubuko tu, osha kwa maji mengi na sabuni robo saa nzima na uende hospitali siku hio hio kupata chanjo ya kichaa cha mbwa, usisubiri kuona kama mbwa atakufa, ikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu hakuna tiba.

Huku kwetu Busoga kuna funza pia, kwenye vumbi kavu wanaingia nyayo za mbwa, kati ya vidole. Ukiona anajiramba mguu mmoja sana au anachechemea muangalie.

mzee_wa_koboko

Nuru umesema vizuri sana, hasa hiyo ya msikitini. Mimi pia ni Mwislamu na mbwa nimefuga maisha yangu yote, wa kuwinda na wa kulinda, kila kitu na mahali pake.

Binti, chakula usisumbuliwe na maduka. Posho (ugali) na mukene ni sawa kabisa lakini mukene wawe wa kula watu, wale wa kuku wana mchanga mwingi. Posho iwe kidogo na mukene wengi, sio kinyume kama watu wanavyofanya, mbwa wa mbio anajengwa na samaki na nyama sio unga. Mpikie vichwa vya samaki, utumbo, yai mara moja moja. Mchuzi wenu wenye vitunguu usimpe, vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia usimpe, inapasuka kama vijiti. Na usimlishe kabla ya kukimbia, mkirudi mpe maji kidogo kidogo, apumzike, akishatulia ndo ale.

asubuhi_kyaliwajjala

Mmenisaidia kuliko nilivyotegemea. Nimeshamuandikia yule muuzaji kua hapana. Nimepiga simu pale makazi ya mbwa wakaniambia wana majike kadhaa wadogo waliokomaa, mmoja wanasema ana kilo 10 na hana makelele, masikio yamesimama mzee, mkia sijauliza. Nitaenda Jumamosi. Dokta nikimpata naanzaje nae, siku ya pili tu tunatoka kilomita 6? Na kupe je, jirani yangu ana dawa ya kunyunyizia ng'ombe ananiambia nichanganye na maji.

dokta_mifugo_mbale

Dawa ya ng'ombe muachie ng'ombe tafadhali. Kila mwaka napokea mbwa waliotiwa sumu na hiyo, vipimo vinakosewa, mbwa anajiramba, anaanza kutetemeka. Kuna vidonge vya kutafuna vinavyokinga mwezi mmoja na vingine mpaka miezi mitatu, vinaenda kwa kilo za mbwa, kwa wa kilo 10 gharama inabebeka. Na kila mkirudi kutoka kwenye majani pitisha vidole, ndani ya masikio, kati ya vidole vya miguu, chini ya mkia. Akiwa na homa, hataki kula, fizi nyeupe, au damu inatoka puani, usimpe kitu cha kubuni mlete apimwe damu, ugonjwa wa kupe ukiwahiwa unatibika vizuri na ukichelewa unaingia kwenye uboho.

Kukimbia, wiki ya kwanza na ya pili usikimbie nae kabisa. Tembeeni tu njia ile ile utakayokimbia, saa zile zile, azoee boda na harufu na mbwa wa njiani, na akuzoee wewe. Mbwa aliyetoka kwenye makazi anaweza kushtuka akachomoka kwa hio mkanda wa kifuani ubane vizuri na kamba uishike kwa mkono na kuifunga kiunoni pia. Baada ya hapo changanya, dakika moja mbio mbili kutembea, jumla kilomita 2, na kila wiki unaongeza kidogo kama vile wewe mwenyewe ungemuanzisha mtu asiyewahi kukimbia. Nyayo zake pia lazima zikomae na maramu, kagua kama hazijachubuka. Kufika kilomita 7 mpe miezi miwili mitatu, na siku mbili kwa wiki apumzike hata kama wewe unatoka. Lami, siku ukichelewa, weka kiganja chini sekunde 7, ukishindwa kuvumilia basi na yeye hawezi.

Uliza karatasi ya chanjo, ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, na ile ya distempa na parvo (virusi vya kuharisha) uangalie tarehe. Kama hakuna tarehe irudiwe. Kwa Kampala kliniki ya wanyama wadogo ya chuo cha Makerere wanafanya, au vet yeyote wa karibu aliyesajiliwa.

asubuhi_kyaliwajjala

Sawa dokta, nimeandika yote. Mwenye nyumba nimemuambia kilo 10, kasema nimlete amuone kwanza. Fundi viatu wa hapa stendi nimeshaongea nae, anasubiri vipimo vya kifua.